Miguu ilijaa madoa baada ya sindano ya pili. Nichome ya tatu?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na kitu. Nasomea kazi ya maabara, na sasa nimefika kwenye mafunzo ya vitendo. Kabla ya kuruhusiwa kushika damu za wagonjwa tunatakiwa tuwe tumechanjwa homa ya ini B, dozi tatu. Ya kwanza nilichoma, mkono ukauma usiku mmoja tu, yakaisha. Ya pili nikachoma mwezi uliofuata. Wiki hiyohiyo nikaugua koo, nikapewa amoksilini, nikapona.

Halafu, kama wiki moja na nusu baada ya sindano, nikavua soksi jioni nikaona vidoa. Mwanzoni nilidhani ni alama za raba ya soksi, maana vilijipanga kuuzunguka mguu palepale raba inapobana. Kulipokucha vilikuwa vimepanda hadi magotini, vya zambarau iliyokolea, vingine vyeusi kabisa, na ukipitisha kidole unavihisi vimetuna. Ukivibonyeza havififii. Havikuwa vinawasha sana, vilikuwa vinachoma. Vifundo vya miguu vikavimba, magoti yakauma, na kwa siku mbili tatu tumbo lilinisokota, ila sikulitilia maanani.

Daktari alinipima damu, akasema chembe sahani (zile zinazogandisha damu) ziko sawa na kwamba hii ni vaskulitisi, yaani mishipa midogo ya damu ya kwenye ngozi imevimba. Aliniuliza nimetumia nini siku za karibuni. Nilipotaja chanjo akasema, "Inaweza ikawa ndiyo." Nikapewa prednisoloni ya wiki chache na kuambiwa nipumzike huku nimeinua miguu. Madoa yakafifia taratibu, yakaacha alama za kahawia ambazo bado zipo. Nilipomaliza dawa sikuitwa tena, na mimi nilijiona mzima.

Sasa shida iko nyumbani na kazini. Mdogo wangu alinipiga picha miguu nikiwa nimelala, akaituma kwenye kundi la familia. Kutoka hapo ikaenda inakojua yenyewe. Siku hizi inanirudia kutoka kwa watu nisiowafahamu, juu yake wameandika "Tazameni chanjo inavyofanya." Mdogo wangu ana mtoto mchanga, na amekataa katakata kumpeleka kwenye chanjo zake. Anasema, "Kama wewe mtu mzima imekufanya hivi, huyu je?" Mama anamuunga mkono. Kwangu Mama alisema neno moja tu: "Kazi ziko nyingi, miguu ni hiyo miwili."

Msimamizi wangu wa mafunzo naye kanipa fomu. Ina sehemu mbili: nakubali dozi ya tatu, au nakataa na kuandika sababu. Nikikataa nitahamishiwa kwenye kujaza madaftari, nisiguse sampuli. Ameshasema mbele ya wenzangu kwamba hakuna chanjo inayofanya mambo hayo na kwamba natafuta visingizio.

Dozi ya tatu imekaribia. Nikichoma na madoa yakarudi, nitawaambia nini nyumbani? Nisipochoma, nitakuwa nimekubaliana na ile picha. Na kusema kweli naogopa. Usiku nawasha tochi ya simu nakagua miguu.

Ni chanjo kweli? Nichome au nisichome?

Mkagua Miguu

*

Marahaba, binti yangu.

Pole kwa maumivu, na pole zaidi kwa kupigwa picha ukiwa umelala. Umeniuliza maswali mawili, lakini naona kinachokunyima usingizi ni jambo jingine: miguu yako imegeuzwa ushahidi wa mabishano ya wengine. Mdogo wako ameichukua kuthibitisha hofu yake, msimamizi ameikana ili kanuni zake zisitikisike, na wewe mwenye miguu hujapata nafasi ya kuuliza nini hasa kilitokea. Tuanzie hapo. Ya nyumbani na ya kazini tutayafikia.

Ila kabla ya yote kuna kitu nimekitafuta katika barua yako sikukiona, nacho ni mkojo. Madoa ya kutuna, magoti kuuma na tumbo kusokota, tena baada ya ugonjwa wa koo, ni mkusanyiko ambao madaktari huutazama kwa jicho la pekee. Kuna aina ya vaskulitisi inayohusiana na kingamwili iitwayo IgA. Hiyo haiishii kwenye ngozi, hupenda viungo, matumbo na figo. Figo hazina kelele. Zinaweza kuanza kuvujisha damu na protini wiki kadhaa baada ya madoa kupotea, mwenyewe ukijiona mzima kama ulivyojiona. Ndiyo maana wagonjwa wa aina hii hupimwa mkojo na shinikizo la damu mara kwa mara kwa miezi kama sita hivi. Hujachelewa. Kipimo ni kikombe na dakika chache, na wewe unayesomea maabara unakijua kuliko mimi. Kifanye wiki hii, uwe umeamua kuchoma au kutochoma.

Sasa tuje kwa mtuhumiwa. Daktari alisema "inaweza ikawa", na kwa maelezo yako neno hilo lilikuwa sahihi. Lilipofika kwenye kundi la familia lilikuwa limeshakuwa "ndiyo", na lilipofika kwa msimamizi likawa "haiwezekani". Kinachotokea katika ugonjwa huu ni hiki: mwili unakutana na kitu kigeni, unakitengenezea kingamwili, na mara nyingine kingamwili na kitu kile vinashikana vikatua kwenye kuta za mishipa midogo. Chembe nyeupe zinafuata, zinapasukia mlemle, ukuta unaharibika na damu inavuja kwenda kwenye ngozi. Hiyo ndiyo sababu madoa yako hayakufifia ulipoyabonyeza, damu ilikuwa tayari nje ya mshipa. Miguuni hujitokeza zaidi kwa sababu huko ndiko damu inakolemea mtu akisimama, na raba ya soksi inaongeza mbano.

"Kitu kigeni" kinaweza kuwa kijidudu, dawa, na ndiyo, pengine chanjo. Ziko taarifa za madaktari kuhusu watu waliopata vaskulitisi ya ngozi baada ya chanjo za mafua, homa ya ini B, UVIKO-19 na nyinginezo, na vipeperushi vya baadhi ya chanjo hizo vinaitaja miongoni mwa mambo yaliyoripotiwa. Kwa hiyo msimamizi wako akisema haijawahi kusikika, si kweli. Lakini taarifa hizo karibu zote ni za mgonjwa mmoja mmoja: alichanjwa, kisha akaugua. Mwaka 2011 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipitia ushahidi wa madhara ya chanjo mbalimbali. Kuhusu vaskulitisi baada ya chanjo ya homa ya ini B, jopo lilisema ushahidi hautoshi kukubali kwamba chanjo ndiyo chanzo, wala kukataa.

Kwenye kisa chako kuna watuhumiwa wengine waliokaa kimya tu. Kwa dawa, madoa kwa kawaida hutokea siku 7 hadi 10 baada ya kuanza kuitumia. Sindano yako inaingia humo. Amoksilini uliyoanza siku chache baadaye nayo inaingia, na jamii hiyo ya penisilini ni miongoni mwa dawa zinazotajwa sana kwa ugonjwa huu. Maambukizi ya koo nayo yamo, hasa kwa ile aina ya IgA. Je, koo lilipouma ulimeza pia ibuprofeni au dawa nyingine ya maumivu? Hizo nazo zimo kwenye orodha. Mimi nimejiuliza kwa nini hakuna aliyeipiga picha boksi ya amoksilini. Nadhani ni kwa kuwa sindano inakumbukwa na kidonge kinasahauliwa. Juu ya hayo, karibu nusu ya watu wenye vaskulitisi ya ngozi hawapatikani na sababu yoyote hata wakichunguzwa vizuri.

Huenda unajiambia kwamba dozi ya kwanza ilipita salama, kwa hiyo chanjo haihusiki. Hoja hiyo haisimami peke yake, maana mwili unaweza kuzoezwa na dozi ya kwanza ukaja kulipuka kwa ya pili. Wala haiitii chanjo hatiani. Kipande cha ngozi kilichochukuliwa mapema kingeweza kuonyesha kama ni IgA au la. Doa linalofaa kwa kipimo hicho ni la saa 24 hadi 48, na yako sasa ni alama za kahawia. Swali la nani alifanya huenda lisipate jibu la uhakika, na najua hilo linaudhi. Hata mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kuchambua matukio ya baada ya chanjo una fungu la matukio yasiyoweza kuamuliwa upande wowote. Mwombe daktari aripoti tukio lako kama bado. Ripoti si hukumu, inakusanywa pamoja na nyingine ili kama kuna mwelekeo uonekane.

Tukubaliane basi kwamba unaweza kulazimika kuamua bila kumjua mkosaji. Tutazame kila njia itakugharimu nini.

Ukichoma, kinachohofiwa ni madoa kurudi. Katika maandiko ya kitabibu wapo waliochanjwa tena yakarudi, na wapo waliochanjwa tena pasitokee kitu. Sitakupa asilimia, kwa sababu visa vichache vya namna hiyo havitoi asilimia ya kuaminika. Yakibaki kwenye ngozi pekee, mara nyingi huisha ndani ya wiki chache. Kama figo zako zimeguswa, hesabu inabadilika kabisa, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza na mkojo. Ukiamua kwenda, unaweza kujiwekea mazingira mazuri: usichome wiki unayoumwa koo au una homa, na kama inawezekana usianze dawa mpya siku za karibu na sindano, ili likitokea jambo watuhumiwa wawe wachache. Kubaliana na daktari mapema kwamba doa jipya likionekana unafika siku hiyohiyo, kipande cha ngozi kichukuliwe, na mkojo upimwe wakati huo na tena baadaye. Kuna wanaouliza kama kubadilisha aina ya chanjo kunasaidia. Muulize, lakini ujue kwamba karibu zote zinatumia protini ileile ya ganda la kirusi. Kama mwili wako uligombana na protini hiyo, kubadilisha boksi hakusaidii. Hakuna kirusi hai ndani yake, hivyo sindano haiwezi kukupa homa ya ini.

Kusubiri nako ni njia, na sijaona mtu aliyekutajia. Dozi ya tatu ikichelewa, huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Muda huo unaweza kuutumia kumwona daktari bingwa wa ngozi, au wa figo kama mkojo una neno, kupima homa ya ini B na C zenyewe (nazo husababisha vaskulitisi, na kazi yako ni damu), na kupima kingamwili zako. Kwa watu wazima wenye afya, dozi mbili huwakinga takribani robo tatu yao, na tatu huwakinga zaidi ya asilimia 90. Kiwango cha kingamwili cha mIU 10 kwa mililita, kizio ambacho maabara yenu inakijua, huhesabiwa kuwa kinga. Tahadhari moja: kiwango hicho kinategemewa kwa muda mrefu kwa mtu aliyekamilisha dozi. Kwako kinaweza kukupa utulivu wa kusubiri, kisikupe cheti cha kumaliza. Na kusubiri bila tarehe ni kukataa kwa jina lingine, kwa hiyo panga na daktari mtaonana lini.

Ukikataa kabisa, hilo nalo ni haki yako, na kujaza madaftari si aibu. Ila lipime dhidi ya kitu chenyewe. Sindano iliyomchoma mgonjwa mwenye homa ya ini B ikikuchoma wewe usiye na kinga, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, na kirusi hicho hukaa hai kwenye damu iliyokauka mezani hadi siku 7. Kuna kingamwili za kuchomwa haraka baada ya ajali, ndani ya saa 24 ikiwezekana, lakini lazima utoe taarifa mara moja na dawa iwepo. Tena ugonjwa wenyewe unajulikana kuvimbisha mishipa ya damu, na mishipa inayoguswa huko huwa mikubwa kuliko ile midogo ya ngozi. Jambo jingine la kuandikisha kwenye faili: tahadhari iliyo juu ya dozi hii isije ikageuka "huyu hachanjwi kitu chochote." Ukiumwa na mbwa kesho, chanjo ya kichaa haina mjadala, kwa sababu dalili zikishaanza ugonjwa ule huua karibu kila mtu. Na amoksilini nayo iandikwe, mpaka itakapobainika kwamba haihusiki.

Hiyo tochi ya usiku sikulaumu nayo. Mwili ukishakushtua mara moja unakuwa unausikilizia. Lakini jua unachokitafuta. Alama za kahawia zilizolala sawa na ngozi ni chuma cha damu iliyovuja zamani, zinaweza kuchukua miezi kupotea, wala haziambii kitu kipya. Doa jipya ni la zambarau au jeusi, limetuna, mara nyingi linauma, na ukiligandamiza na kioo cha glasi halififii. Angalia mara moja kwa siku, mchana penye mwanga, hasa baada ya kusimama sana. Mkojo wa rangi nyekundu au kama chai, tumbo kuuma vikali, kinyesi chenye damu, au uso na miguu kuvimba, hayo hayasubiri asubuhi.

Kuhusu mdogo wako. Mtoto wake si wewe. Hakuna koo lililoumwa, hakuna amoksilini, na umri ni mwingine kabisa. Umri hapa ndio unaogeuza mambo: mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, ugonjwa hugeuka sugu kwa chini ya watu 5 katika 100. Akiambukizwa akiwa mtoto mchanga, hugeuka sugu kwa takribani 95. Na chanjo anazonyimwa si hiyo tu. Kuna pepopunda, kifaduro, surua. Lakini sidhani takwimu ndizo zitakazomgeuza. Yeye aliiona miguu ya dada yake ikiwa hivyo, akaogopa, na hofu yake ina upendo ndani yake. Wewe peke yako ndiye unayeweza kumsimulia kisa chote pamoja na sehemu zisizoonekana kwenye picha: koo, vidonge, tumbo, na "inaweza" ya daktari. Unaweza kujitolea kumsindikiza kliniki aende na maswali yake mwenyewe. Inaweza kuzaa ugomvi, na Mama akauingilia. Pengine utaona huna nguvu hiyo kwa sasa, na hakuna aliyekuteua kuwa msemaji wa chanjo. Ila mtoto ana ratiba, na kimya chako nacho huko nyumbani kinasomwa.

Picha mwombe aifute kwenye kundi. Haitarudi kule ilikokwenda, lakini ni miguu yako na hukuulizwa. Hilo ni dai tofauti na la chanjo, na unaweza kulidai hata mkiwa mmetofautiana kwa mengine yote.

Tena unaogopa kwamba ukikataa utakuwa umekubaliana na picha, na ukichoma madoa yakarudi utakuwa umewapa ushindi. Nakuuliza kwa upole: kati ya sababu hizo mbili, ipi inahusu afya yako? Kama msimamizi asingekudhalilisha na mdogo wako asingetuma kitu, ungekuwa unaelekea wapi? Jiulize ukiwa peke yako, kisha mpelekee daktari jibu hilo, hata kama linakutia aibu.

Fomu ina sehemu mbili, lakini wewe sasa hivi huna majibu mawili. Unaweza kuandika hivi: "Nilipata vaskulitisi ya ngozi baada ya dozi ya pili, chanzo hakijathibitishwa. Naomba dozi ya tatu iahirishwe hadi nitakapomwona daktari bingwa tarehe fulani." Tarehe iwe ya kweli. Omba pia, kwa maandishi, kazi zisizo na vitu vyenye ncha kali mpaka siku hiyo. Msimamizi akisema hakuna nafasi ya jibu kama hilo, bana barua ya daktari nyuma ya fomu, mpe, na ubaki na nakala yenye saini yake ya kupokea.